Hisa za Watoto wa Ubatizo

Quezon City,
Jumatano, 30 Oktoba 2019

Kwako Kuya Rodel, kaka yangu niliyebaki naye,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu wifi yangu Lorna, halafu mwanenu Tintin na meno yake mapya. Mgongo unasemaje? Yale mafuta ya kuchua niliyokutumia mwezi wa nane unayatumia, au umempaka jogoo wako? Nakujua. Na kikohozi cha Lorna kimepoa, au bado anapikia kuni huku jiko la gesi nililomnunulia limefunikwa kitambaa kama mgeni wa heshima? Mimi mwili mzima. Nakula, nalala. Mengine utayasoma.

Najua utashangaa kupata karatasi. Mara ya mwisho kukuandikia barua nilikuwa chuoni, na nilikuwa naomba viatu. Safari hii siombi viatu, ila naomba jambo moja tangu mwanzo: usinipigie simu kuhusu barua hii. Usimwambie Lorna anipigie, wala usinitumie ujumbe wa kusema umeipata. Nimempa binamu yetu Belen akuletee mkononi, na nimemwapisha kwa jina la marehemu mama kwamba hataiacha kwa mtu mwingine yeyote, hata padri. Belen amenicheka sana. Amesema, "Ising, umepata mume wa mtu nini? Siri zote hizi za nini?" Nimemjibu kwamba afadhali ingekuwa hivyo.

Belen anakuja San Telmo na wengine wote kwa ajili ya siku ya wafu. Hapa mjini watu wameanza kuondoka tangu jana na mabegi yao na maua ya plastiki. Nyumba ninayopanga ina vyumba tisa. Kufikia mchana huu tumebaki wawili, mimi na mzee wa chini ambaye hasikii hata ukigonga mlango kwa jiwe. Tangu mama afariki hii ni mara ya kwanza sitakuwapo makaburini. Niwashie mshumaa wangu. Na mama umwekee suman, ule wali wake mtamu wa kufunga kwa majani, usimwekee mikate ya dukani. Watu wakikuuliza niko wapi, waambie nina shughuli. Si uongo.

Jumapili iliyopita ulinilalamikia, na nilikusikia vizuri kuliko ulivyodhani. Ulisema siku hizi kuongea na mimi ni sawa na kusikiliza taarifa ya hali ya hewa: nauliza mvua, nauliza kuku, nauliza bei ya nazi kavu, kisha nasema haya, Kuya, tutaongea. Uliniuliza kama kuna kitu umenikosea. Nikasema nimechoka tu. Sikuwa nimechoka, na hujanikosea kitu maishani. Kwa miezi mitatu sasa najua kwamba kila neno tunaloambiana linapita kwenye mnara unaoulinda wewe mwenyewe, na ndani ya mnara huo linapita kwenye lile kabati la mitambo usilopewa ufunguo wake. Basi nikawa nakuongelesha habari za kuku. Na ujue ilivyoniuma, kwa sababu simu yako ya Jumapili ndiyo sauti pekee inayoniita Ising wiki nzima. Kazini mimi ni Bibi Macaraeg. Chumbani siitwi na mtu. Kuna wiki nimefika Jumamosi sijasema neno isipokuwa kazini na kwa muuza mboga, nikajikuta nazungumza na feni.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, maana hujawahi kuielewa, na kosa ni langu, sijawahi kukueleza. Wewe huwaambia watu kwamba dada yako anagonga mihuri serikalini. Ni kweli, lakini mihuri hiyo ni ya leseni za kampuni za simu. Sheria yetu inasema mgeni anaweza kuingiza fedha zake kwenye kampuni ya namna hiyo, lakini asipite sehemu arobaini katika mia. Sitini zinazobaki lazima ziwe mikononi mwa wananchi. Si chuki kwa wageni. Anayeshika waya wa simu ndiye anayeamua nani asikike na nani anyamaze, na siku ya ugomvi utataka mtu huyo awe wa kwenu, umjue kwao na umjue mama yake.

Bagwis Telekom, kampuni yenye mnara wako, kwenye karatasi ni ya kwetu. Sehemu sitini ni za wananchi, majina yapo na sahihi zipo. Mwezi wa saba ofisi ikaanza kuitilia shaka. Unakumbuka siku ile simu zilipokatika ghuba nzima kuanzia asubuhi hadi alasiri, na msimamizi akakukaripia kwamba umelala ukaacha radi ipige mitambo? Haikuwa radi, Kuya. Asubuhi hiyo mashua ya walinzi wa pwani ilikuwa imekutana na meli za kigeni kwenye mwamba, na vijana wale walikuwa wanajaribu kupiga simu kambini, pale chini ya kilima chako. Minara minne ya Bagwis ilizimika dakika moja. Wataalamu wa jeshi walipofungua makabati ya minara miwili mingine, walikuta kwamba mtu aliye ng'ambo anaweza kuizima na kuiwasha apendavyo, na kwamba maneno ya watu yananakiliwa na kupelekwa huko. Wewe ulikaripiwa bure. Uliniambia siku ile kwa mzaha wako kwamba unalinda jeneza bila kujua aliyemo. Nilicheka. Sikupaswa kucheka.

Mkurugenzi wetu anaitwa Bi Amparo. Ni mama mfupi, anatembea na chupa ya siki mkobani kwa kuwa haamini siki ya mgahawa wowote. Aliniita mimi na mwenzangu Jomar, yule mwenye upara niliyewahi kukusimulia, akatuambia tutafute wenye kampuni wa kweli. Akasema, "Mgeni akija mlango wa mbele na fedha zake, mimi nitampa kiti na kahawa. Ninayemwogopa ni yule aliyejificha nyuma ya mtoto wetu akasema mtoto ndiye mwenye nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako. Nendeni mkakung'ute nguo."

Orodha ya wananchi wenye hisa ilikuwa na majina thelathini na moja. Jomar aliyasoma kwa sauti huku anakula karanga, akitania kwamba matajiri wa siku hizi wana majina ya mafundi baiskeli. Bienvenido Lagman. Luningning Abad. Arsenio Pulido. Kwake yalikuwa majina tu. Mimi nilisikia foleni ya asubuhi ya Krismasi mbele ya geti la Ninong Vero.

Unaikumbuka foleni ile kuliko mimi, kwa sababu ulikuwa unanishika mkono nisikanyagwe. Wakili Severo Alcaraz, baba yetu wa ubatizo, aliyetushika mimi na wewe kanisani kama alivyoshika nusu ya watoto wa San Telmo. Tulikuwa tunauchukua mkono wake tunaugusisha kwenye paji la uso, mmoja mmoja, na yeye anatoa viatu vipya. Miguu yetu alijua vipimo vyake kuliko wazazi wetu. Kisha, tulipokua, ikawa zamu yetu kumfanyia mambo madogo: kumbebea viti vya harusi, kumshuhudia hati, kutia sahihi hapa na pale. Na wewe unajua desturi yetu. Ninong akikuwekea karatasi mbele, hutazami imeandika nini. Kuisoma ni kumwambia usoni kwamba yeye ni mwizi. Unauliza tu, niandike wapi? Mtu wa Manila hawezi kuamini watu wazima wote hao walitia sahihi bila kusoma. Mimi ningeshangaa kama hata mmoja angesoma.

Basi ndivyo ilivyo. Ben Lagman, anayeziba matairi sokoni, ni mmiliki wa kampuni ya simu. Luningning na samaki wake wa kukausha ni mmiliki. Arsenio Pulido, tuliyemzika baada ya kimbunga mwaka wa 2006, ni mmiliki pia, na kumbukumbu zinasema alihudhuria mkutano wa wanahisa mwaka jana na kuunga mkono hoja. Jomar alipolijua hilo alisimama kabisa akapiga saluti. Nami nilicheka naye, nikageuza ukurasa, na juu ya ukurasa wa pili palikuwa na jina la Rodelio Macaraeg, mkazi wa kilimani, San Telmo, mwenye sehemu kumi na moja katika mia. Wewe, Kuya. Wewe unayeziba paa kwa bati la makopo, kwenye karatasi ni tajiri kuliko meya.

Nilishtuka mpaka Jomar akaniuliza, "Bibi Macaraeg, umeona mzimu?" Nikamwambia ni tumbo. Nikaenda chooni nikakaa humo, nikiwaza neno moja tu: jela. Maana sheria haimwadhibu mgeni peke yake. Mwananchi anayemwazima jina lake anafungwa, miaka mitano ikiwa chache. Wakati mnatia sahihi, kampuni ya ng'ambo iliyotoa fedha za Bagwis ilikuwa tayari na karatasi nyingine, ile inayosema kwamba kura za hisa zenu zote anapiga Wakili, na Wakili naye kaapa kupiga wanavyotaka wao. Nyinyi mlikuwa pazia. Lakini pazia nalo linashikwa.

Ninong alikuja hapa wiki tatu zilizopita. Sikukwambia. Alipanda ngazi zote hizi na miguu yake ile, akakaa kwenye kiti changu pekee, mimi nikakaa kitandani. Amezeeka, Kuya. Alikuwa na mke wake, na kikapu cha suman, bado moto. Nilimgusisha mkono wake kwenye paji langu kama kawaida, na nilipouachia nilitaka kulia. Hakunitisha. Alisema hakuja kuomba, alikuja kukumbusha. Alisema, "Mlipokuwa mnapanda juu ya mnazi kutafuta mawimbi ili mumpigie daktari, ofisi yenu ilikuwa wapi? Kampuni za kwetu, hizo za wananchi safi, zilisema San Telmo haina faida. Mimi nikaleta mnara. Leo Lorna akishikwa na pumzi anapiga simu, gari linakuja. Nani alileta?" Na kweli alileta yeye. Kimbunga cha mwaka juzi mnara ule ndio ulionijulisha kwamba uko hai.

Kisha akasema kitu alichokijia. Aliomba nitoe ukurasa wa pili tu. Majina ya ukurasa wa kwanza yaende, alisema, hao atawatetea yeye mwenyewe mahakamani. Ila ule wenye jina lako uniponyoke mkononi, karatasi hupotea kila siku serikalini. Kabla sijamjibu, mke wake akashindwa kujizuia. Akasema, "Fadhila za punda ni mateke. Viatu vyote vile!" Ninong akamnyamazisha. Akaniangalia, akasema taratibu kwamba mimi na yeye tunajuana, na kwamba anajua nitafanya jambo la busara. Wakaondoka. Kikapu nilimpa mzee wa chini.

Kuya, sikutoa ukurasa wa pili. Jumatatu nimempelekea Bi Amparo orodha nzima na maelezo ya kila jina: nani ni nani, anafanya kazi gani, alibatizwa na nani. Hakuna mwingine ofisini ambaye angeweza kuyaandika maelezo hayo. Alisoma yote, akavua miwani, akaniuliza kama huyu Macaraeg ni ndugu yangu. Nikasema ni kaka yangu, tumbo moja. Akavaa miwani tena, akasema orodha inakwenda kwa waendesha mashtaka Jumatatu ijayo, sikukuu ikiisha. Yeyote atakayeeleza ukweli kwa kiapo kabla ya hapo, kwa hiari yake, atahesabiwa shahidi. Atakayekutwa kimya atahesabiwa mshtakiwa. Akasema, "Nimekupa siku saba ambazo sikutakiwa kukupa. Zitumie."

Jumamosi asubuhi, basi, Jomar atapanda kilimani kwako. Atakuwa na wakili wa serikali, yule wa kuwatetea wasio na kitu, mwanamke, mpole. Watakuwa wamekwisha pita kwa Ben na Luningning na wengine. Wewe ni wa mwisho, kwa sababu niliomba uwe wa mwisho nipate kuandika kwanza. Jomar ana mdomo mchafu lakini moyo wake safi. Mpe kahawa. Watakuuliza swali moja kubwa: nani alikuletea ile karatasi, na alikwambia nini.

Hapa ndipo nimesimama tangu saa tatu asubuhi. Nimefua shuka. Nimefagia chumba kisichochafuliwa na mtu. Sina tena cha kufanya ila kuandika.

Hapo juu nimekwambia kwamba nilishtuka kuona jina lako. Nilishtuka kweli, lakini si kwa sababu uliyoidhani. Nilijua lilikuwa mahali fulani. Nilishtuka kwa sababu nilitumaini kwamba lilipotea.

Ilikuwa siku ya pili ya Krismasi, mwaka 2016. Ulikuwa unajenga banda la kuku, na mvua ilikuwa inatishia, ukawa unakimbizana na saruji isije ikalowa. Nilipanda kilimani na bahasha. Mikono yako ilikuwa imejaa saruji mpaka kwenye viwiko, ukajifuta kwenye kaptura, ukatafuta mahali pakavu pa kuandikia, hapakuwa na mahali. Nikainama nikakupa mgongo wangu. Ukaweka karatasi mgongoni mwangu. Ukauliza, "Hii ya nini, Ising?" Nikasema ya Ninong. Ukauliza tena, na hukuwa na kawaida ya kuuliza mara mbili, "Umeisoma?" Nikasema nimeisoma, haina neno. Ukatia sahihi. Niliisikia kalamu kwenye mbavu zangu, herufi baada ya herufi, na ulipofika mwisho ulipiga ule mstari wako wa mbwembwe chini ya jina.

Nilikuwa nimeisoma kweli. Ndiyo aibu yenyewe. Wenzako walitia sahihi bila kujua, na Ninong pengine naye alijidanganya kwamba ni karatasi tu. Mimi niliisoma yote nyumbani kwa kina Belen, nikiwa nimejifungia, mara mbili, nikiwa na miaka saba ya kazi kwenye ofisi inayozuia jambo lile lile. Nilielewa jina la mtu linaazimwa na nani anaazima. Ninong alikuwa ameanza kwa kuniomba mimi. Nikamwambia mimi ni mtumishi wa serikali, nitaonekana. Na kabla hajasema neno lingine, Kuya, mimi mwenyewe ndiye niliyesema: muulize Rodel. Rodel hakatai. Nipe nimpelekee.

Unataka kujua kwa nini. Nimejiuliza sana, na kila nikitafuta jibu zuri silipati. Miaka saba nilikuwa kibarua, mkataba wa miezi sita sita, kila Juni na kila Desemba nasubiri kuambiwa asante na kwaheri. Ninong alikuwa anajuana na mtu. Alisema atampigia. Januari nilipata ajira ya kudumu, na wewe ulichinja nguruwe, ukaalika kilima kizima, ukawaambia watu kwamba dada yako amepanda kwa akili zake. Nilikula nguruwe yule. Mwezi wa tano wakaja kupima ardhi ya mnara, wakakupa kazi ya ulinzi, ukanipigia simu unalia kwa furaha, ukisema Ninong ni mtakatifu. Nikasema ndiyo.

Kwa hiyo jibu la swali la Jomar ni mimi. Bi Amparo tayari anajua, nilimwambia Jumatatu ile ile, baada ya kumwambia u kaka yangu. Alinisikiliza kwa heshima hata nikatamani anizomee. Nimeandika kwa mkono wangu yote niliyokuandikia hapa, nimeapa, nimetia sahihi. Kazi imekwisha, tangu jana kitambulisho changu hakifungui mlango. Kama nitafungwa sijui. Yule wakili wa serikali anasema yawezekana, na kwamba kuungama kwangu kutapunguza adhabu lakini hakutaifuta. Kiapo changu peke yake hakitoshi kukuokoa, kwa sababu watasema dada anambebea kaka yake mzigo. Lazima na wewe useme vilevile, kwa mdomo wako, bila kunionea haya.

Na mimi nakujua. Ndiyo maana naandika kwa hofu. Jomar atakuuliza, na wewe utakuna kichwa, utasema hukumbuki, utasema pengine ni Ninong mwenyewe aliyeleta, pengine ni mtu tu, zamani hiyo. Utadhani unanilinda. Ulinilinda tangu kwenye foleni ya viatu na hujui kuacha. Lakini safari hii ukinificha hutaniokoa, kwa sababu nimekwisha sema; utajifunga mwenyewe tu, kwa kutosema kweli kwenye kiapo. Na Lorna na pumzi zake, na Tintin mwenye miaka tisa, wabaki na nani pale juu? La kuvunda halina ubani. Liache linuke, lakini wewe toka nje.

Mnara utazimwa. Sijui lini kampuni nyingine itakuja, wala kama itakuja. Utapoteza mshahara, na San Telmo watasema dada yake Rodel ndiye aliyewarudisha juu ya minazi, na watakuwa wamesema kweli. Nimemwandikia Bi Amparo ombi kwamba serikali iweke angalau redio ya dharura kwenye zahanati. Amesema atajaribu. Mweke Lorna karibu na zahanati, kama mama mdogo wa Tintin kule mjini atawakubali, hasa miezi ya baridi. Na Ninong, ukikutana naye makaburini, mguse mkono wake. Sikukatazi. Viatu vilikuwa viatu kweli.

Sikuombi unisamehe. Ungenisamehe kabla hujamaliza kusoma, na sitaki msamaha wa haraka haraka namna hiyo. Kasirika kwanza. Hujawahi kunikasirikia, na mimi nadhani niliharibikia hapo.

Msalimie Lorna, na mwambie mwenyewe habari hii kabla hajaisikia sokoni. Msalimie Tintin. Msalimie Ben na Luningning, ikiwa wataipokea salamu yangu. Mama mwambie utakavyoona vyema mbele ya kaburi lake. Wewe ndiye mkubwa. Hapa nje mtaa mzima kimya, hata mbwa wamepelekwa kwao.

Jumamosi wakikuuliza nani, Kuya, nitaje. Usiseme ndugu fulani, usiseme mtu wa nyumbani. Nitaje kwa jina lote, kama lilivyoandikwa kanisani.

Mdogo wako,
Felisa Dimayuga Macaraeg